Mali bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twadhani walipolisema neno hilo walikuwa wakimfikiria mwenye duka au mwenye jahazi, wala hawakulifikiria taifa zima. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za taifa ambalo daftari lilikuwamo, makarani walikuwamo, na hesabu zilifungwa kila mwaka kama ipasavyo. Na bado mali ikapotea bila habari. Sababu yake ni moja: daftari lile halikuwa na ukurasa wa kuandika kile kilichokuwa kikiondoka.

Jambo hili si la wataalamu wa uchumi peke yao. Kila mfanyakazi huambiwa mara kwa mara kwamba pato la taifa limekua kwa kiasi fulani katika mia. Hufurahi, na haki anayo ya kufurahi. Lakini ni wangapi wetu waliopata kuuliza hesabu hiyo imefanywaje, na kama ndani yake kumetolewa thamani ya madini, misitu na samaki waliokwisha kuondoka wasirudi tena? Swali hilo lamfaa kila mwananchi, na kwa nchi ndogo ni swali la uhai.

KISIWA CHA NAURU

Nauru ni kisiwa katika Bahari ya Pasifiki, kusini kidogo ya Ikweta. Eneo lake ni kilometa za mraba 21 tu, na wakazi wake hawafiki 15,000. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kukizunguka chote kwa nusu siku. Ukingoni mwa bahari kuna ukanda mwembamba wenye minazi na nyumba za watu. Katikati pana uwanda ulioinuka, na katika uwanda huo ndimo ilimokuwa fosfeti, udongo wa thamani unaotengenezewa mbolea.

Wajerumani walikitwaa kisiwa hicho mwaka 1888. Mwaka 1899 kijana mmoja, Albert Ellis, aliyekuwa akipima madini katika ofisi ya kampuni mjini Sydney, alilitilia shaka jiwe lililokuwa likizuia mlango usifunge. Alilipima, akaliona kuwa ni fosfeti safi, nalo lilikuwa limetoka Nauru. Kufika mwaka 1907 shehena zilikuwa zimeanza kusafirishwa. Wenye ardhi walilipwa nusu peni kwa kila tani. Kazi ya sulubu waliifanya zaidi wafanyakazi wa Kichina na watu wa visiwa vya jirani, waliotolewa kwao kwa mikataba.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Uingereza, Australia na New Zealand zilikubaliana mwaka 1919 kuiendesha biashara hiyo kwa ushirika. Kisiwa kikawa chini ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya Vita Kuu ya pili kikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Hapo msomaji wetu ataona kwamba njia yao na njia yetu zilikutana. Tanganyika nayo ilitwaliwa na Wajerumani, nayo ikawekwa chini ya udhamini. Baraza lile lile la Udhamini lililomsikiliza Mwalimu Nyerere mjini New York mwaka 1955 ndilo lililopokea malalamiko ya Wanauru.

Na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Fosfeti yao iliuzwa kwa wakulima wa Australia na New Zealand kwa bei iliyo chini ya bei ya soko la dunia. Ngano na nyama za nchi hizo ziliingizwa katika hesabu za nchi hizo kuwa mapato yao. Udongo wa Nauru ulioziotesha nyasi na ngano hizo haukuingizwa katika hesabu ya mtu yeyote kuwa hasara. Mwaka 1964 Wanauru walipewa shauri la kuhamia kisiwa cha Curtis, huko Queensland, kwa kuwa kwao kungebaki mawe matupu. Walikataa, kwa sababu hawakuwa tayari kuacha kuwa taifa.

BENDERA YAPANDA, MGODI WAENDELEA

Tarehe 31 Januari 1968 Nauru ilipata uhuru, na Hammer DeRoburt akawa Rais wa kwanza. Wanauru waliinunua mitambo ya uchimbaji, na tangu mwaka 1970 mgodi ukawa mikononi mwa shirika lao wenyewe. Bei ya fosfeti ilipopanda katika miaka ya 1970, watu wale wachache wakahesabiwa miongoni mwa matajiri wa dunia kwa pato la kila mtu. Raia hawakutozwa kodi ya mapato. Serikali ikaanzisha shirika la ndege, na mwaka 1977 ikamaliza kujenga jumba la ghorofa 52 mjini Melbourne. Mfuko wa amana uliowekwa kwa ajili ya siku ambayo udongo utakwisha ulisemekana kupita dola bilioni 1 za Australia.

Hatusemi kwamba Wanauru hawakujua kuwa fosfeti itakwisha. Walijua, na ndiyo maana mfuko ule uliwekwa. Lakini kujua ni jambo moja na kuhesabu ni jambo jingine. Matumizi ya Serikali yakapita mapato, na pengo likajazwa kwa mikopo iliyowekewa rehani mali za mfuko. Fedha nyingine ziliingizwa katika biashara zisizo na faida, hata mchezo wa kuigiza ulioonyeshwa London mwaka 1993 ukafungwa baada ya muda mfupi. Mwaka 2004 mali zile, pamoja na jumba la Melbourne, ziliangukia kwa wadai zikauzwa. Mwishoni mwa mwaka 2005 ndege ya mwisho ya taifa nayo ikachukuliwa. Tangu mwaka 2001, kwa vipindi, kisiwa hicho kimekuwa kikipokea fedha za Australia kwa kuwaweka watu wanaotafuta hifadhi waliokataliwa kuingia huko. Hivyo nchi iliyouza udongo wake ikaja kukodisha nafasi yake.

Karibu sehemu nne katika tano za kisiwa zimechimbwa. Kilichobaki ni nguzo za mawe ya chokaa, zilizochongoka kama meno, mahali pasipolimika wala kujengeka. Wanauru waliipeleka Australia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1989. Mwaka 1992 Mahakama ikaamua kwamba ina uwezo wa kuisikiliza kesi hiyo, na mwaka 1993 Australia ikakubali kulipa dola milioni 107 nje ya Mahakama. Uingereza na New Zealand zilichangia dola milioni 12 kila moja.

Wakoloni walinyonya, na hilo halina ubishi. Lakini ukweli wote lazima usemwe. Dai lililopelekwa Mahakamani lilihusu theluthi moja ya ardhi iliyochimbwa, yaani ile iliyochimbwa kabla ya mwaka 1967. Iliyobaki ilichimbwa baadaye, chini ya bendera yao wenyewe. Bendera peke yake haiongezi ukurasa katika daftari.

KOSA LIKO WAPI?

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Seremala akiuza viti, fedha anazopata ni pato lake, baada ya kutoa gharama za mbao na misumari. Akiuza randa na msumeno, fedha hizo si pato, kwa maana kesho hataweza kutengeneza kiti. Mwanauchumi Mwingereza John Hicks alieleza mwaka 1939 kwamba pato la mtu ni kile awezacho kukitumia katika muda fulani na bado akawa, mwisho wa muda huo, katika hali njema ile ile aliyoanza nayo. Mkulima yeyote aliyepata kuficha mbegu wakati wa njaa alilijua jambo hilo bila kusoma kitabu.

Hata hivyo, hesabu za mataifa zilizotungwa baada ya Vita Kuu ya pili hazikuifuata kanuni hiyo kwa maliasili. Mashine ikichakaa, uchakavu wake hutolewa ili lipatikane pato safi. Mgodi ukichakaa, hakuna kinachotolewa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1993 na za mwaka 2008 ziliuweka upungufu wa madini katika hesabu ya pembeni, ya mabadiliko ya mali, bila kuligusa pato. Kwa hiyo tani moja ya fosfeti iliyouzwa ilionekana kama utajiri uliozaliwa siku ile, kumbe ulikuwa utajiri wa zamani uliobadilishwa sura kuwa fedha.

Katika nchi kubwa kosa hilo lapungua makali, kwa sababu mgodi mmoja ni sehemu ndogo ya kazi za taifa. Katika nchi ndogo yenye mali moja, kosa lafunika hesabu nzima. Hata hivyo nchi kubwa nazo hazikusalimika. Mwaka 1989 Robert Repetto na wenzake walipima upya hesabu za Indonesia za tangu mwaka 1971 hadi 1984. Ukuaji uliotangazwa ulikuwa 7.1 katika mia kwa mwaka. Walipotoa upungufu wa mafuta, misitu na rutuba ya udongo, ulibaki 4.0.

NAMNA YA KUPIMA

Ziko njia mbili ambazo mwananchi aweza kuzifahamu bila taabu. Ya kwanza ni kuchukua bei ya tani moja, kutoa gharama zote za kuichimba pamoja na faida ya kawaida ya mtaji, kisha kuzidisha kinachobaki kwa idadi ya tani zilizochimbwa. Hiyo ndiyo thamani ya kilichoondoka ardhini, na yote yatolewa katika pato.

Njia ya pili ilitungwa na Salah El Serafy, mchumi Mmisri aliyefanya kazi katika Benki ya Dunia, naye aliieleza mwaka 1989. Yeye alisema kwamba si sawa kutoa yote, maana mwenye mgodi hana budi kufaidi kidogo kuliko yule asiye na mgodi. Basi, kila mwaka zigawanywe fedha zinazobaki baada ya gharama. Sehemu moja iwekwe akiba, izae faida, ili mgodi utakapokwisha faida hiyo ilete kila mwaka kiasi kile kile kilichokuwa kikitumiwa. Sehemu inayobaki ndiyo pato la kweli.

Tuchukue mfano. Tuseme akiba yazaa 5 katika mia kwa mwaka. Kama mgodi umebakiza miaka 50, katika kila shilingi 100 yatosha kuweka akiba shilingi 8 hivi, na 92 ni za kutumia. Kama umebakiza miaka 10, yapasa kuweka akiba shilingi 58, na za kutumia ni 42 tu. Msomaji aone vizuri maana yake. Kadiri mgodi unavyokaribia kwisha ndivyo kujinyima kunavyopaswa kuongezeka, lakini watu huwa wamekwisha kuzoea maisha ya shilingi 92. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mkono uliozoea kuchovya hauuoni upesi mwisho wa buyu.

Njia zote mbili zina matatizo yake. Zahitaji kujua kiasi kilichobaki ardhini, na mara nyingi anayekijua ni mchimbaji, naye ana sababu zake za kukisema au kukificha. Zahitaji pia bei ya haki. Pale ambapo fosfeti ya Nauru iliuzwa kwa bei ya kulazimishwa, hata mtakwimu mwaminifu angeona kwamba kilichoondoka kina thamani ndogo. Yaani unyonyaji huifupisha hata kamba ya kuupimia. Na katika nchi zenye watakwimu wachache, kazi hiyo huachwa kwa wageni wanaokuja kwa majuma mawili na kuondoka na daftari.

MAJIRANI WAWILI

Tusidhani kwamba haiwezekani kufanya vizuri. Karibu na Nauru kuna kisiwa cha Banaba, nacho kilichimbwa fosfeti tangu mwaka 1900 hadi 1979. Mwaka 1956 uliwekwa mfuko wa akiba kwa ajili ya Visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati. Fosfeti iliisha mwaka ule ule nchi hiyo ilipopata uhuru, lakini mfuko haukuisha. Uliwekezwa nje kwa uangalifu, na hadi leo thamani yake yapita pato la nchi nzima kwa mwaka mmoja.

Lakini hapo pana funzo la pili. Wabanaba wenyewe, wenye ardhi, walikwisha kuhamishwa mwaka 1945 na kupelekwa Rabi, huko Fiji, maelfu ya kilometa mbali na makaburi ya baba zao. Walishtaki London, na katika hukumu ya mwaka 1976 hawakupata walichokitafuta. Hivyo akiba ilikuwa njema, na haki ikawa mbovu. Daftari lililo kamili laandika kiasi kilichoondoka, na pia laandika kiliondoka kwa nani na faida yake ilimwendea nani.

Barani mwetu tunayo Botswana. Ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kuliko zote duniani. Almasi ikagunduliwa Orapa mwaka 1967. Serikali yake ilijiwekea kipimo: mapato ya madini yasiliwe katika matumizi ya kawaida, bali yajenge shule, hospitali na barabara, au yawekwe katika mfuko wa akiba ulioanzishwa mwaka 1994. Kwa muda mrefu kipimo hicho kiliifaa sana. Walakini miaka ya karibuni soko la almasi limeanguka, almasi za kutengenezwa viwandani zimeingia, mwaka 2024 uchumi wa nchi hiyo ulirudi nyuma, na akiba imepungua sana. Hata mwenye daftari zuri hana budi kulifungua kila siku.

Na Nauru yenyewe haikukata tamaa. Pamoja na nchi nyingine saba za Pasifiki, yauza siku za kuvua jodari katika bahari yake kwa utaratibu ulioanza mwaka 2007. Samaki si kama fosfeti, kwa sababu huzaana. Hivyo upungufu wake ni ile sehemu tu inayovuliwa kupita kiasi wanachoongezeka, nayo mataifa hayo yajitahidi kuipima na kuiwekea mpaka. Mwaka 2015 Nauru ilianzisha mfuko mpya kwa ajili ya vizazi vijavyo, wenye usimamizi mkali zaidi kuliko wa kwanza.

LINALOTUPASA

Mwezi Machi mwaka 2025 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilizipitisha kanuni mpya za hesabu za mataifa. Kwa mara ya kwanza upungufu wa maliasili wahesabiwa kuwa ni gharama ya uzalishaji, na watolewa katika pato safi. Ukurasa uliokosekana kwa miaka mingi sasa umewekwa. Lakini ukurasa haujiandiki. Nchi zitachukua miaka kadhaa kuzitimiza kanuni hizo, na twajua kwamba pato ghafi, ambalo halijatolewa kitu, litaendelea kusomwa kwa sauti kubwa kwa kuwa ndilo linalopendeza.

Nchi yetu si ndogo kama Nauru, wala haitegemei udongo wa aina moja. Lakini dhahabu ya Geita haioti tena baada ya mvua, na fosfeti ya Minjingu, ambayo ni ndugu wa ile ya Nauru, ikitoka imetoka. Kwa hiyo yafaa wanachama na wafanyakazi wazoee kuuliza maswali matatu kila wasikiapo habari za mapato ya madini: Kimebaki kiasi gani? Katika kila shilingi mia, ngapi zimekuwa shule, kiwanda au akiba, na ngapi zimeliwa? Na wale waliokuwa wakiishi juu ya madini hayo wamepata nini?

Maswali hayo si ya uchochezi. Ni maswali ambayo mzee yeyote mwenye shamba humwuliza mwanawe anayerudi kutoka sokoni. Wanauru walipata uhuru kwa ujasiri ambao twauheshimu, walikataa kuhamishwa, na walimshtaki aliyekuwa mdhamini wao mbele ya dunia. Walichokosa ni mtu wa kusimama katika mwaka wa neema, wakati meli zikipakia na kila mtu akicheka, na kuuliza kwa sauti hesabu ya kilichobaki. Basi sisi tuulize sasa, tungali na cha kuhesabu.